KAA WA ZIWA LETU WATAMBULIWE

WAHENGA walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa miaka mingi usemi huo umetumika kuwaonya watunza hazina na makarani wa vyama vya ushirika. Leo tunautumia kwa ajili ya kiumbe ambaye wengi wetu hatujapata kumhesabu kuwa ni mali, naye ni kaa: kaa wa Ziwa Victoria, na kaa wa mito na mabonde ya Bukoba na Muleba.

Mvuvi wa Goziba au Kerebe anapoinua nyavu zake za makila alfajiri na kumkuta kaa amenaswa, humnasua kwa hadhari kwa kuogopa gando, akamtupa, akaendelea na kazi. Karani anayeandika mavuno mwaloni ana nafasi ya sangara, ya dagaa, ya sato na ya furu. Wasio na jina huingia katika fungu la mwisho la “wengineo”. Mwalimu darasani huchora kaa mmoja ubaoni na kuwaambia watoto kwamba ana miguu kumi pamoja na magando. Kwa watu wote hawa watatu, kaa ni kaa. Sisi tunasema kwamba kaa si mmoja. Aina zake ni kadhaa, zinatofautiana kwa umbo, kwa makao na kwa mwenendo, na hasara ya kutozitofautisha imekwisha kuonekana mlangoni petu.

Ushahidi tunao. Mwaka 2017 wataalamu wawili, Neil Cumberlidge na Paul Clark, walitangaza aina tatu mpya za kaa wa maji baridi kutoka kusini mwa Uganda, katika eneo la ziwa letu hili. Mmoja walimwita kwa jina la kitaalamu Potamonautes entebbe. Kaa huyo alikuwa ameokotwa karibu na ziwa mwaka 1955, kabla sangara hajaenea majini. Akawekwa katika makumbusho, akakaa rafuni miaka 62 bila jina lake mwenyewe. Siku alipopewa jina, wataalamu haohao waliandika kwamba huenda hayupo tena ziwani, au ametoweka kabisa duniani. Cheti chake cha kuzaliwa na taarifa ya kifo chake vimekaribia kuandikwa katika ukurasa mmoja.

Wa pili waliitwa Potamonautes kantsyore, kwa jina la kisiwa cha Kantsyore kilichomo ndani ya Mto Kagera, upande wa Uganda, si mbali na mpaka wetu. Waliokotwa mwaka 1968, wakangoja miaka 49 kabla ya kutambuliwa. Wa tatu, Potamonautes busungwe, alipatikana karibuni zaidi, mwaka 2016. Huyu ni mdogo, tena haishi majini kama wenzake. Huchimba shimo katika ardhi oevu na kuishi nchi kavu.

Tunawaomba wasomaji wetu wayatafakari mambo hayo kwa makini. Mto Kagera ni mto wetu. Maji yanayopita Kantsyore ndiyo yanayoteremka hadi Kyaka na kuingia ziwani kaskazini mwa Bukoba. Kaa haombi hati ya kusafiria ili avuke mpaka. Ikiwa upande mmoja wa mto zimepatikana aina zilizokuwa hazijulikani, ni nani kati yetu aliye tayari kuapa kwamba upande huu kaa wote ni wa aina moja? Je, kaa wa majabali ya Goziba ni yuleyule wa Mto Kanoni unaopita mjini Bukoba? Je, kaa wa Ziwa Ikimba ni ndugu wa kaa wa Bumbire, au ni jamaa wa mbali? Na yule anayeonekana akitambaa katika mabonde ya Kamachumu baada ya mvua, je, amewahi kuwekwa mezani akachunguzwa? Maswali hayo yanastahili kujibiwa na watu wa hapa, tena kwa kazi ya mikono.

Lipo somo kubwa zaidi ambalo ziwa hili limekwisha kutufundisha, nalo ni la furu. Wazee wetu walimjua furu kama samaki mdogo wa kila siku, na vitabuni mwa hesabu aliandikwa kwa jina moja tu. Kumbe ndani ya jina hilo moja zilikuwamo aina zaidi ya 500, kila moja na chakula chake na mahali pake: wa mawe, wa matope, mla konokono, mla vifaranga vya wenzake. Sangara aliletwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ilipofika miaka ya 1980 alikuwa ameenea kote, na aina za furu zinazokadiriwa kufikia 200 zikatoweka au zikawa haba mno. Watafiti wa Kiholanzi na wa Kitanzania walioanza kazi Mwanza mwaka 1977 walijikuta wakiandika majina ya samaki huku samaki wenyewe wakiisha. Nyingi ya aina hizo zilitoweka kabla ya kupewa jina la kitaalamu. Hakuna mvuvi aliyetangaza msiba, kwa kuwa furu alikuwa bado akionekana sokoni. Waliopungua ni watu wa nyumba moja tuliyoiita kwa jina moja.

Huo ndio ubaya wa jina moja kubeba viumbe wengi. Aina kumi zikiwa chini ya jina moja, tisa zinaweza kwisha na jina likabaki. Daftari litaendelea kusema “kaa wapo”, na litakuwa halijasema uongo, ila litakuwa limetuficha ukweli.

Jambo hilo ni zito zaidi kwa kaa wa maji baridi kuliko kwa kaa wa baharini. Kaa wa mikoko anayevuliwa Kilwa na Rufiji hutaga mayai maelfu kwa maelfu, na watoto wake huelea baharini kwa majuma kadhaa wakichukuliwa na mikondo. Akikosekana ghuba moja, huenda mbegu ikaja kutoka ghuba nyingine. Kaa wetu hana bahati hiyo. Jike hutaga mayai machache, huyabeba chini ya tumbo lake, na yanapoanguliwa hutoka kaa wadogo waliokamilika, ambao mama huendelea kuwabeba kwa muda. Hakuna mtoto anayeelea kwenda mbali. Kwa sababu hiyo kila bonde na kila ziwa dogo vinaweza kuwa na kaa wake wa pekee, na wakiisha hapo, hakuna pengine pa kuwaagiza. Ziwa Tanganyika linatupa mfano: humo zimo aina 9 za kaa wa ukoo uitwao Platythelphusa, wasiopatikana penginepo popote duniani, na mmoja wao ni mdogo kiasi cha kuishi ndani ya makombe matupu ya konokono. Aina ya tisa ilitangazwa mwaka 2004 tu.

Wala mkoa wetu si mgeni katika habari za kaa. Mwaka 1890 Emin Pasha alifika Bukoba kwa niaba ya Wajerumani na kuanzisha kituo chao hapa. Alifuatana na mtaalamu wa viumbe, Franz Stuhlmann, aliyekuwa akikusanya wanyama na mimea njia nzima na kuvipeleka Ujerumani. Mwaka 1892 mtaalamu mwingine, Hilgendorf, alimtangaza kaa wa nchi hizi za maziwa na kumpa jina la Emin, naye hadi leo anaitwa Potamonautes emini. Hivyo zaidi ya miaka 130 imepita tangu kaa wa ukanda huu waanze kuandikwa vitabuni, lakini vitabu hivyo viliandikwa mbali, kwa lugha za mbali, na vielelezo vyake vikahifadhiwa mbali. Mtoto wa Muleba hana mahali mkoani mwake anapoweza kwenda kumwona kaa wa ziwa lake akiwa ndani ya chupa yenye kibandiko cha jina.

Wako watakaosema kwamba kazi ya kuwatofautisha kaa ni ya maprofesa. Twakubali kwamba neno la mwisho ni lao, lakini hatua za mwanzo zinaweza kufanywa na mtu yeyote mwenye macho na subira. La kwanza ni kujua dume na jike: mgeuze kaa chali, utazame kipande kilichokunjwa chini ya tumbo. Cha dume ni chembamba mfano wa pembetatu. Cha jike aliyekomaa ni kipana na cha mviringo, kwa kuwa ndicho kifuniko cha mayai. Wengi huwaona dume na jike wakadhani ni aina mbili, na kosa hilo huharibu hesabu yote.

La pili ni gamba la mgongoni. Tazama kando zake za mbele, karibu na macho. Kaa mmoja wa Ziwa Victoria, aitwaye Potamonautes niloticus, ana meno makali kama miiba kandokando hapo. Kaa wa Emin hana miiba ya namna hiyo. Tazama pia kama nyuma ya macho kuna ukingo unaokata gamba kutoka upande huu hadi upande wa pili, au kama ukingo huo umekatika njiani. Pitisha kidole: gamba ni laini, au lina vichembe kama mchanga? La tatu ni magando: mara nyingi moja ni kubwa kuliko jingine, na umbo la lile kubwa, pamoja na nafasi inayobaki linapofumbwa, husaidia kutambua aina.

La nne ndilo la kitaalamu hasa. Chini ya kile kifuniko cha tumbo, dume ana viungo vidogo vya uzazi, jozi mbili, na maumbo yake hutofautiana kati ya aina na aina. Ndiyo maana mtaalamu akiletewa majike matupu husita, na akiletewa dume aliyekomaa hufurahi. Rangi haitoshi kuwa ushahidi. Kaa huyohuyo anaweza kuwa mweusi katika tope na mwekundu katika jabali, na akitiwa katika spiriti rangi hupotea.

Tunajua pia kwamba wapo watakaouliza: kaa ana faida gani? Maofisa wana upungufu wa mafuta ya boti, visiwa vina upungufu wa maji salama na zahanati, nasi twaleta habari za kaa! Swali hilo ni la haki na linastahili jibu.

Jibu la kwanza ni afya. Mwaka 1950 watafiti van Someren na McMahon walitangaza kwamba mabuu ya inzi mmoja aenezaye usubi, ugonjwa unaopofusha macho, yalikuwa yakiishi juu ya migongo ya kaa wa mitoni nchini Kenya. Kwa miaka mingi watu walikuwa wameyatafuta kwenye mawe na majani wasiyaone. Nchini Uganda wataalamu wa afya wamekuwa wakiwatega kaa, kuwatambua kwa aina, na kuhesabu wenye mabuu, ili wajue kama inzi huyo amekwisha mtoni au bado yupo. Hapa kwetu, katika Usambara ya Mashariki mkoani Tanga, yuko inzi wa jamaa hiyo ambaye naye hukulia juu ya kaa. Hatusemi kwamba ugonjwa huo uko Bukoba au Muleba. Tunasema kwamba si kila kaa hubeba mabuu hayo kwa kiasi kilekile, na asiyejua kutofautisha kaa na kaa hawezi hata kuanza uchunguzi siku utakapohitajika.

Jibu la pili ni uchumi. Katika pwani ya Namibia uvuvi wa kaa mwekundu wa kina kirefu ulianza mwaka 1973 kwa meli za Japani. Kwa miaka kadhaa kaa huyo alivuliwa, akauzwa na kuandikiwa ripoti kwa jina la kaa mwingine, wa upande wa pili wa Bahari ya Atlantiki. Mwaka 1981 ndipo alipotambuliwa kuwa aina ya peke yake. Kadhalika kaa wa mikoko, ambaye biashara yake ni kubwa katika Bahari ya Hindi, aliandikwa kwa muda mrefu kama aina moja, mpaka mwaka 1998 ilipothibitishwa kwamba ni aina 4. Jambo hili si la majina tu. Kila aina ina umri wake wa kukomaa na majira yake ya kuzaa. Anayeweka kanuni ya uvuvi kwa jina lisilo sahihi anampimia mtu mmoja nguo kwa kipimo cha mwingine. Siku mfanyabiashara atakapofika Muleba akitaka kununua kaa kwa magunia, tutamwambia avue wa aina gani, mwenye ukubwa gani, na kwa miezi ipi?

Jibu la tatu ni ziwa lenyewe. Kaa hula mizoga na majani yaozayo, akasafisha ufuko. Naye huliwa na fisimaji na wanyama wengine wa kandokando ya maji. Kinamasi kinapokaushwa, mto unapotiwa sumu ya mashambani, au ufuko unapochimbwa mchanga, yeye ni miongoni mwa wa kwanza kuumia, kwa kuwa hana mbawa wala mapezi ya kukimbilia. Anayemjua kaa wake ana shahidi wa hali ya maji anayokunywa.

Basi nini kifanyike? Hatuombi jengo jipya wala kamati ya kulipana posho. Tunapendekeza mambo manne, nayo yako ndani ya uwezo wetu.

Kwanza, idara za uvuvi katika halmashauri za Bukoba na Muleba zifungue daftari la kaa, na fomu za mialoni ziongezwe nafasi ya kaa, wakitengwa japo kwa alama za nje: mwenye miiba kandoni na asiye na miiba, wa ziwani, wa mtoni na wa bondeni. Vikundi vya ulinzi wa rasilimali za uvuvi ufukweni vinaweza kufundishwa kazi hiyo kwa muda mfupi.

Pili, Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI, iliyoundwa mwaka 1980 na ambayo ina kituo Mwanza, ipange safari ya kukusanya kaa katika visiwa vya Bumbire, Goziba, Kerebe, Ikuza na Mazinga, katika Mto Kanoni, Mto Ngono na Kagera, na katika Ziwa Ikimba. Vyuo vikuu vyetu vilete wanafunzi. Kijana akiandika tasnifu juu ya kaa wa Muleba atakuwa ameitumikia nchi kuliko kurudia yaliyokwisha kuandikwa.

Tatu, kila kielelezo kiandikwe mahali kilipopatikana, tarehe, kina cha maji, na jina la aliyekipata. Kaa asiye na kibandiko, hata awe wa ajabu namna gani, ni mzoga tu. Watafiti wa nje wanaopewa kibali na Tume ya Sayansi na Teknolojia wakaribishwe kwa mikono miwili, lakini iwe sharti kwamba sehemu ya vielelezo ibaki nchini, tena mahali ambapo mwananchi ataweza kuviona.

Nne, shule za visiwani na za bara zishirikishwe. Simu nyingi leo zina kamera. Picha tatu za kaa mmoja, ya mgongoni, ya tumboni na ya usoni kwa karibu, pamoja na rula kando yake na jina la mahali, ni hati ya maana mikononi mwa mtaalamu.

Kwa ndugu zetu wa visiwani tuna neno la pekee. Ninyi mmeishi na kaa kuliko profesa yeyote. Mnajua ni yupi hutoka usiku, ni yupi hukaa chini ya jabali, ni yupi alikuwapo zamani na siku hizi haonekani. Maarifa hayo yasikae kifuani. Mwambieni afisa uvuvi, mwambieni mwalimu, na mkiona kaa msiyemzoea msimtupe kabla hajaonyeshwa. Nanyi maofisa, mwananchi akija na kaa ndani ya ndoo msimcheke. Huenda amebeba kitu ambacho hakijapata kuandikwa popote duniani.

Kaa wa Entebbe alingoja miaka 62 ili aitwe kwa jina lake, na alipoitwa hakuna aliyeitika. Tusikubali kaa wa Bukoba na Muleba wafikwe na hayo ilhali karatasi, kalamu na spiriti vinapatikana. Daftari na lifunguliwe sasa, wakati wenye majina bado wako hai.